Kutoka Mosoriot hadi Skrini ya Pamoja: Historia ya Vipande vya OpenMRS Afrika Mashariki

Muuguzi wa Mbale na muuguzi wa Kisumu wanapowapokea wagonjwa asubuhi hufanya kazi ileile. Hupima uzito, halijoto na shinikizo la damu, kisha huandika tarakimu hizo mahali fulani. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa karatasi. Baadaye, katika vituo vingi, pakawa skrini ya kompyuta, na hapo ndipo ajabu ilipoanza. Kenya na Uganda zote mbili zilichukua programu moja kwa jina, OpenMRS, lakini skrini ya muuguzi wa Kenya ilijengwa na timu moja na ile ya muuguzi wa Uganda ikajengwa na timu nyingine, kila timu kwa fedha zake, kwa miezi yake na kwa makosa yake. Insha hii inauliza kwa nini ilikuwa hivyo, na ni nini kilichobadilika hadi timu hizo zikaanza kuchota vipande vya skrini kutoka katika maktaba moja.

Kwa neno "kipande" ninamaanisha sehemu ya ukurasa wa wavuti inayofanya kazi moja na inayoweza kuchomolewa hapa ikachomekwa pale: kisanduku cha kumtafuta mgonjwa, jedwali la vipimo, fomu ya kumwandikisha mgonjwa mpya. Baadhi ya vitabu vya TEHAMA huviita vijenzi. Mimi nimechagua neno ambalo hata fundi cherehani atalielewa bila kuelezwa, kwa sababu insha hii inasomwa na wanafunzi wa Kiswahili na historia kuliko wanafunzi wa kompyuta.

Hoja yangu ni kwamba maktaba hiyo haikucheleweshwa na ukosefu wa moyo wa kushirikiana. Watu wa OpenMRS walishirikiana tangu siku za mwanzo. Kilichokosekana ni njia ya kubadilisha kipande bila kukinakili. Njia hiyo ilipokosekana, kila nchi iliyotaka tofauti ndogo ililazimika kunakili kitu kizima na kuendelea nacho peke yake. Na anayenakili ameshaondoka, hata kama bado anahudhuria mikutano.

Historia nyingi za OpenMRS huanzia mwaka 2004, pale madaktari wawili wa Kimarekani wanapowasili Eldoret na kuona tatizo. Simulizi hilo si la uongo, ila linaanzia katikati. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilikuwa na ushirikiano tangu mwaka 1989, na mwaka 2001 mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa ulianza kufanya kazi katika kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, si mbali na Eldoret. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Karani alimwandikisha mgonjwa, mgonjwa akapewa fomu ya karatasi, fomu ikazunguka naye kutoka kwa muuguzi hadi kwa tabibu hadi dirisha la dawa, na mwisho ikarudi kwa karani ambaye aliiingiza kwenye kompyuta. Makala iliyochapishwa mwaka 2003, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, ilieleza kwamba baada ya mfumo huo kuanza, muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kwa hiyo wageni wa mwaka 2004 hawakukuta uwanja mtupu. Walikuta mfumo uliofanya kazi na uliokuwa umeanza kulemewa.

Ulilemewa kwa sababu ya UKIMWI. Mpango wa AMPATH ulianza kutibu watu wenye VVU mwaka 2001, na fedha za PEPFAR zilipoanza kuingia baada ya mwaka 2003, idadi ya wagonjwa ilipanda haraka. Mfumo wa Mosoriot ulijengwa kwa Microsoft Access, programu inayofaa ofisi ndogo lakini isiyofaa mtandao wa kliniki nyingi zenye wagonjwa maelfu kwa maelfu ambao kila mmoja atafuatiliwa maisha yake yote. Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Regenstrief Institute ya Indianapolis, walirudi kutoka Eldoret wakiwa wameshawishika kwamba kuukarabati hakutoshi. Waliungana na Hamish Fraser wa Partners In Health, shirika lililokuwa limejenga mfumo wake la wagonjwa wa kifua kikuu nchini Peru, na Chris Seebregts wa baraza la utafiti wa tiba la Afrika Kusini. Toleo la kwanza lilianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006. Kabla ya mwaka huo kwisha lilikuwa limefika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda.

Jambo la kwanza walilokubaliana kushirikiana halikuwa skrini. Lilikuwa maneno. Nakaa kidogo hapa, maana kwa mwanafunzi wa lugha hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Katika hifadhidata ya kawaida kila swali lina safu yake: safu ya uzito, safu ya halijoto, safu ya dawa. Wizara ikiongeza swali jipya kwenye kadi ya mgonjwa, mtaalamu lazima afungue hifadhidata na kuongeza safu, na programu yote inayoitegemea lazima irekebishwe. Waanzilishi wa OpenMRS walichukua njia nyingine, ambayo Regenstrief ilikuwa imeitumia kwa muda mrefu. Swali lenyewe liliandikwa kama ingizo katika kamusi. Kila ingizo, waliloliita dhana, lilipewa namba, maana, aina ya jibu linalokubalika, na majina katika lugha mbalimbali. Uzito kwa kilo ni dhana namba 5089. Halijoto ni 5088. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, dhana huongezwa kwenye kamusi na hifadhidata inabaki na umbo lake. Kamusi ya Eldoret haikubaki Eldoret. Kamusi ya CIEL, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Columbia na kutumiwa katika mradi wa Vijiji vya Milenia, imebeba namba hizohizo, na leo nchi nyingi huanza na CIEL badala ya kutunga kamusi upya.

Ona kwamba kamusi hiyo iliruhusu tofauti bila kunakili. Rwanda ingeweza kuongeza majina ya Kifaransa au Kinyarwanda kwenye dhana 5089 bila kuiharibia Kenya chochote. Nadhani ndiyo sababu maneno yalishirikishwa mapema sana kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya pili ilikuwa moduli, yaani nyongeza zilizopachikwa kwenye seva bila kugusa kiini cha programu. Hili nalo lilikwenda vizuri na sina haja ya kulirefusha. Ila fomu zilisumbua. Moduli ya kwanza ya fomu ilitegemea InfoPath, programu ya Microsoft ya kulipia, kwa hiyo mtu aliyepakua OpenMRS bure alihitaji kununua leseni ili tu aweze kumwuliza mgonjwa maswali. Baadaye zikaja moduli mbili, XForms na HTML Form Entry, ambazo ziliondoa mzigo huo. Watu walipozoea kuchora fomu zao kwa HTML, kila kituo kilipata uhuru mkubwa, na uhuru huo ulikuwa na bei yake. Fomu iliyochorwa Rwinkwavu ilibaki ya Rwinkwavu. Mwingine aliyeipenda aliinakili, akabadilisha mistari kadhaa, na tangu siku hiyo zikawa fomu mbili.

Sasa tufike kwenye skrini zenyewe. Kufikia mwaka 2012, mpango wa I-TECH wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Wizara ya Afya ya Kenya walianza kusambaza KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS ambao ulienea katika mamia ya vituo. Skrini zake zilifuata kadi ya Kenya, MOH 257, ambayo wahudumu huiita kadi ya bluu. Uganda ikawa na UgandaEMR, unaosimamiwa na mradi wa METS wa Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere, wenye skrini zinazofuata kadi na rejista za Uganda. AMPATH ilijijengea skrini zake kwa teknolojia ya Angular. Huko India, kampuni ya ThoughtWorks ilianzisha Bahmni kwa ajili ya hospitali ya Ganiyari, jimbo la Chhattisgarh, nayo ikawa na skrini zake. Chini kabisa ya mifumo yote hii palikuwa na kiini kimoja. Juu, mgonjwa aliandikishwa kwa kurasa nne tofauti.

Mtu anaweza kusema kosa lilikuwa la wafadhili, waliolipa kila nchi kivyake na kudai ripoti kila nchi kivyake. Hoja hiyo ina ukweli, na nitairudia. Lakini haielezi kwa nini wafadhili haohao, kwa nchi hizohizo, hawakuzuia kushirikiana kamusi. Maelezo bora yako katika skrini zenyewe. Kizazi cha pili cha OpenMRS kilikuwa tayari na wazo la vipande. Kurasa zilijengwa kwa sehemu ndogo zilizotengenezwa kwenye seva, na kulikuwa na mahali palipoachwa wazi pa kuongezea viungo na vitufe. Milango kadhaa ilifunguliwa. Hata hivyo kipande kiliishi ndani ya moduli ya seva, moduli ilifungwa na toleo fulani la kiini, na kubadilisha kilichokuwa ndani ya kipande kulimaanisha kubadilisha msimbo wake. Timu ya Kenya ilijitengenezea moduli yake ya mwonekano. Siilaumu. Ilikuwa na tarehe za kukabidhi kazi, na kusubiri jamii ya dunia nzima ikubaliane kuhusu rangi ya kitufe hakukuwa sehemu ya mkataba.

Tatizo hili lilikuwa limeonwa kabla hata ya kompyuta kufika kliniki za Kenya. Mwezi Oktoba 1968, katika mkutano ulioandaliwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani Magharibi, Doug McIlroy wa Bell Laboratories alitoa hotuba akitaka programu zijengwe kwa vipande vinavyozalishwa kwa wingi, kama viwanda vinavyonunua skrubu na nati kutoka katika katalogi. Hotuba hiyo hutajwa sana, lakini wengi hukumbuka skrubu tu. Mfano alioukazia ulikuwa kanuni ya kukokotoa saini ya pembe, ile ya darasa la hesabu. McIlroy hakudai saini moja bora kwa wote. Alidai familia ya saini, zinazotofautiana kwa usahihi, kwa kasi, kwa namna zinavyoshughulikia makosa, ili mnunuzi achague inayomfaa bila kuifungua na kuichokoa ndani. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo wazo la maktaba ya vipande lilikuwa na sharti ndani yake: kipande kisicho na nafasi ya tofauti hakitauzika. Miaka hamsini baadaye watu wa OpenMRS walifikia mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi.

Nasema miaka hamsini kwa sababu ni mwaka 2018 ambapo kikundi cha wasanidi kutoka mashirika mbalimbali ya jamii ya OpenMRS, AMPATH ikiwa miongoni mwao, kilianza kujenga kile ambacho leo huitwa OpenMRS 3, au O3. Wakati huo vivinjari vilikuwa vimekomaa. Tayari kulikuwa na jitihada za dunia za kusanifisha vipande vya wavuti ndani ya vivinjari vyenyewe, ingawa ilibidi kusubiri hadi Januari 2020 ndipo kivinjari cha mwisho kati ya vile vikubwa, Edge, kilipovikubali. Kikundi cha O3 hakikufuata njia hiyo. Kilichagua React kwa vipande vingi, na zana iitwayo single-spa ambayo huruhusu vipande vilivyojengwa na timu tofauti, hata kwa teknolojia tofauti, kukaa katika ukurasa mmoja.

Tofauti hizo za teknolojia zilikuwa jambo la maana. Injini ya fomu iliyotumika kwanza katika O3 ilikuwa ile ya AMPATH, iliyoandikwa kwa Angular. Ingetakiwa kuandikwa upya kabla ya kuingia, huenda Eldoret wangechoka, wangebaki na mfumo wao. Badala yake iliingia kama ilivyo, ikakaa jirani na vipande vya React, na fomu zilizoelezwa kwa lugha ya AMPATH zikafunguka katika nchi nyingine.

Kilichobeba uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili ambayo kwa macho ya mtu wa nje yanaonekana madogo. La kwanza ni nafasi. Kila ukurasa wa O3 umeachiwa nafasi zenye majina, na kipande cho chote kinaweza kusajiliwa kikae katika nafasi fulani. Uganda ikitaka kitufe cha ziada kwenye faili la mgonjwa haifungui ukurasa huo. Inaandika kipande chake na kukielekeza kwenye nafasi. La pili ni faili la mipangilio. Kila moduli hutangaza mambo yanayoweza kubadilishwa pamoja na thamani za kuanzia, na kituo huandika tu yale kinayotaka yawe tofauti.

Chukua anwani. Uganda humtambua mtu kwa wilaya, kaunti, kaunti ndogo, parokia na kijiji. Rwanda hutumia mkoa, wilaya, sekta, seli na kijiji. Kenya ina kaunti, kaunti ndogo na wadi. Neno kaunti limo Kenya na limo Uganda, na si kitu kimoja kabisa. Mtu aliyejenga ukurasa wa kuandikisha wagonjwa kwa kuzitaja ngazi hizo ndani ya msimbo amejenga ukurasa wa nchi moja, hata kama ameuweka hadharani na kualika dunia. Akizitoa ngazi nje na kuziweka kwenye mipangilio, ukurasa unakuwa wa wote, na atakayegundua kosa katika sehemu ya tarehe ya kuzaliwa analisahihisha mara moja kwa niaba ya wote.

Au chukua neno lenyewe la mtu anayehudumiwa. Kliniki nyingi za VVU humwita mteja. Wodi humwita mgonjwa. Si suala la mapambo: anayechukua dawa zake kila siku na kwenda shambani hajioni mgonjwa, na skrini inayomwita hivyo mbele ya macho yake inamwambia jambo. Katika O3 matini ya skrini hutafsiriwa pamoja na jamii nzima, na kituo kinaweza pia kubadilisha neno moja moja katika mipangilio yake bila kugusa tafsiri ya wengine. Naona hapo kazi halali kabisa ya mwanafunzi wa Kiswahili. Tafsiri ya kitufe kimoja katika kipande cha pamoja husomwa popote kipande hicho kinapotumika kwa Kiswahili. Ikiwa mbovu, ubovu husambaa vilevile.

Kusambaa kwa ubovu ndiyo hofu kuu ya maktaba za aina hii, na kuna kisa ambacho wasanidi hawakisahau. Tarehe 22 Machi 2016, msanidi mmoja, Azer Koçulu, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi chake kingine, aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala ambalo dunia nzima huchota vipande vya JavaScript. Kimoja kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 ya msimbo, na kazi yake ilikuwa kujaza herufi upande wa kushoto wa neno hadi lifike urefu fulani. Miradi mingi mno ilikitegemea bila hata kujua, kwa kupitia vifurushi vingine, na kwa muda wa saa mbili hivi ujenzi wa programu ulikwama sehemu nyingi duniani hadi npm ilipokirudisha. Baadaye npm iliweka kanuni za kuzuia mtu kuondoa ghafla kitu ambacho wengine wanakitegemea.

O3 nayo huchota kutoka ghala hilo. Tena mwonekano wake umejengwa juu ya Carbon, mfumo wa usanifu wa IBM. Baadhi ya wenzangu niliojadiliana nao huona aibu hapo: maktaba ya Afrika Mashariki iliyovaa nguo ya kampuni ya Kimarekani. Mimi sioni aibu, naona hesabu. Kujenga vitufe, kalenda na majedwali yanayosomeka hata na watu wasioona vizuri ni kazi ya miaka, na Carbon imetolewa kwa leseni inayoruhusu kutumiwa na kubadilishwa. Nguvu zilizookolewa zilienda kwenye vipande ambavyo IBM isingevijenga kamwe. OpenMRS yenyewe iko chini ya leseni ya Mozilla, toleo la 2.0, ambayo inamtaka anayesambaza programu akiwa amebadilisha faili la msimbo alitoe badiliko hilo, lakini inamruhusu kuliweka jirani na msimbo wake binafsi. Leseni hiyo inalingana na umbo la vipande kama mfuniko na chungu.

Kisha KenyaEMR ikahamia O3. Uganda nayo ikaja na UgandaEMR+, iliyojengwa juu ya O3. Nchi mbili ambazo kwa miaka zilijenga kurasa mbili za kuandikisha wagonjwa sasa zinaanza na ukurasa mmoja, na kila moja inaongeza vyake. Sidai kwamba kunakili kumekwisha. Timu iliyobanwa na muda bado huchukua moduli, ikaikata kando na kuiita yake, na mtu akipita katika hazina za msimbo zilizo wazi ataziona nakala hizo. Tofauti ni kwamba sasa kunakili ni uamuzi, si lazima.

Nilisema nitarudi kwa wafadhili. Sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza, kuanzia makarani wa kuingiza data hadi wasanidi wa skrini, ililipwa kwa fedha za Marekani, hasa PEPFAR. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ilikoma kutekeleza misaada, kazi zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Hapo swali la maktaba linakuwa gumu kuliko lilivyokuwa mwaka 2012. Zamani mradi ukifungwa, mfumo wake ulikufa nao, na hasara ilikuwa ya nchi moja. Kipande cha pamoja hakifi hivyo, kwa kuwa wengine wanakitumia. Lakini kipande cha pamoja kisicho na mtu wa kukikagua kinazeeka katika nchi zote kwa wakati mmoja. Mabadiliko hupendekezwa na yeyote, ila lazima yasomwe na mtu anayejua, na mtu huyo anahitaji mshahara. Wizara zetu hununua kompyuta kwa bajeti inayoeleweka. Kulipa mshahara wa mtu wa Kampala anayesoma mabadiliko yaliyopendekezwa kutoka Nairobi au Kigali, kwa faida ya vituo vilivyo nje ya mipaka, ni fungu ambalo mhasibu wa serikali hana mahali pa kuliandika.

Wengine hutegemea wanafunzi. OpenMRS imeshiriki katika mpango wa Google wa majira ya kiangazi kwa wasanidi chipukizi tangu mwaka 2007, na vijana kadhaa walioingia kupitia mlango huo walibaki. Ni mlango mzuri. Hata hivyo mwanafunzi huongeza kipande kipya kwa furaha kuliko anavyotunza cha zamani, na kinachohitajika zaidi kwa sasa ni matunzo.

Mwanahistoria, kwa upande wake, ana bahati adimu. Hazina za msimbo za O3 ziko wazi, na kila mstari umeandikwa umebadilishwa lini na kwa sababu gani iliyotajwa. Ukifungua kipande cha vipimo, kile ambacho muuguzi wa Mbale na muuguzi wa Kisumu wanaweza kukitumia wote wawili, utakuta orodha ya thamani za kuanzia. Penye uzito pameandikwa 5089, na baada yake herufi A nyingi zilizowekwa ili kitambulisho kifike urefu unaotakiwa. Namba hiyo ndiyo ileile ya kamusi iliyotumika Eldoret, kabla hapajakuwa na kipande chochote cha kushirikiana.